Nimeacha kununua viazi kwa lumbesa kwa ajili ya imani, soko sijui litanipokeaje. Mliowahi kutii bila kujua mbele kuna nini njooni tuongee

viazi_uporoto

Wakuu habari za baridi. Mods mkiona uzi huu unafaa jukwaa la biashara naomba msiuhamishe kwanza, nimeuweka huku kwa wapendwa kwa sababu ninachouliza ni cha imani, viazi vimeingia tu kwa kuwa ndo kazi yangu.

Mimi ni mnunuzi wa viazi mviringo. Kambi yangu kubwa ni Isyonje na vijiji vya Uporoto, huku vikiadimika naenda Umalila au napanda juu Kitulo natokea Makete, tunachangia Fuso watu wawili watatu mzigo unaenda kushuka Dar pale soko la Mabibo. Mtaji wangu ni wa kuungaunga na humo ndani kuna hela ya VICOBA (mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa), nalisema hili mapema mtu asije kusema huyu ana hela za kuchezea.

Kwa asiyejua lumbesa ni hivi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu linaongezewa kipande cha gunia jingine, kinashonwa kwa kamba, kinajazwa tena mpaka kinasimama, hicho ndo kilemba. Jamaa wa kushona wanapigilia viazi kwa goti ili viingie vingine. Likisimama linakufika kifuani. Mkulima analipwa hela ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lumbesa inacheza 120, 130, na kuna zile za watu wasio na huruma zinavuka hapo. Mtu amelima kwenye mteremko, ameweka mbolea, amepiga dawa ya ukungu (na huku mvua zetu mnazijua, ukichelewa dawa wiki moja shamba zima linakuwa jeusi), halafu kilo 30 zinaondoka bure kila gunia.

Mithali 11:1 inasema "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Sikuota ndoto, hakuna nabii aliyenitabiria, sikufunga siku arobaini. Mstari upo, mimi ninauza viazi, basi. Tumeongea na mke wangu tukakubaliana kuanzia sasa nanunua kwa mizani, gunia linafungwa kilo 100, mkulima anaona mshale unaposimama.

Sasa shida iko hapa. Hii lumbesa watu wa redioni wanailaumu kama tabia mbaya tu lakini ina hesabu yake. Nauli ya gari inalipwa kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Ushuru sehemu nyingi unakatwa kwa gunia. Tuseme nauli ni elfu kumi kwa gunia, ukibeba kilo 100 kila kilo imekula shilingi 100, ukibeba kilo 140 kila kilo imekula kama 71 hivi. Bado hujaweka upakiaji na ushuru. Kwa hiyo mwenzangu wa lumbesa anafika sokoni tayari ameshanipita, halafu mteja wa Mabibo naye amezoea kununua gunia kwa macho. Nilipompigia dalali wangu nikamwambia nakuja na kilo mia mia akacheka sana, akaniambia kaka hiyo hapa ni kama umeleta mkoba.

Kwa hiyo najua nachotakiwa kufanya ila sijui kama biashara itapona. Na hapa ndipo naona wengi wetu tunajichanganya. Tunaimba Ibrahimu akatoka asijue aendako, Waebrania 11:8, alafu tunadhani imani ni kwenda gizani na kila kitu kiwe giza. Kilichofichwa kwa Ibrahimu kilikuwa mahali, amri yenyewe aliisikia vizuri kabisa: toka. Sisi kinyume chake, tunasubiri ishara kwa lile tusilolijua (nihamie Dodoma au nibaki, nioe huyu au yule) na lile tunalolijua waziwazi tumeliacha limelala miaka. Na wahubiri wanaruka kitu, Ibrahimu alipofika Kanaani alikutana na njaa, Mwanzo 12:10, hata hajakaa vizuri ikabidi ashuke Misri. Alitii akakuta njaa!

Naomba waliowahi kutii kitu bila kujua mbele waniambie walipitaje. Ila tafadhali zile za "nikatii na wiki ile ile nikapigiwa simu ya tenda" mziweke pembeni, nimezisikia za kutosha.

Mhehe wa Kitonga

Kamwene mkuu. Nimekaa siti ya mbele.

Tajiri wa Sido

Mkuu wewe ni mtu mzuri lakini mtaji hauna dini. Mimi nimekaa sokoni muda mrefu, waliokuja na mizani wote waliondoka na mizani yao. Mungu ana mambo mengi ya kuangalia hawezi kukaa anahesabu viazi kwenye gunia lako. Na swali langu ni moja tu, ukifilisika utasema Mungu ndo alikutuma?

Mwanasheria uchwara

Mbona mnalifanya kuwa jambo la kiroho sana? Hii ni sheria, Sura 340, ukikamatwa na Wakala wa Vipimo ni faini au kesi. Kutofanya kosa la jinai hakuhitaji imani ya Ibrahimu hahaha.

viazi_uporoto

Mwanasheria umenichekesha ila ni kweli. Shida ni kwamba sheria ipo na barabara nzima kuanzia huku mpaka Dar lumbesa zinapita mchana kweupe. Siku kuna operesheni watu wanafunga magunia madogo, operesheni ikiisha vilemba vinarudi. Sheria ikiwa hivyo anayeifuata peke yake anaumia kuliko anayeivunja, kwa hiyo hapo ndo imani inaingia kaka.

Tajiri wa Sido nakujibu bila kuzunguka. Nikifilisika nitasema nilitii na nikafilisika. Vyote viwili vitakuwa kweli kwa wakati mmoja. Wale vijana watatu wa kwenye tanuru walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, alafu wakaongeza "Bali kama si hivyo", Danieli 3:18, yaani hata asipotuokoa hatuisujudii sanamu yako. Hawakuwa na uhakika wa matokeo, walikuwa na uhakika wa nani wa kusujudiwa. Na Yohana Mbatizaji hakutoka gerezani. Alisema ukweli kuhusu ndoa ya Herode akakatwa kichwa, hakuna sura ya pili ambayo anarudishiwa mara saba.

Na kuhusu Mungu kuhesabu viazi, soma Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 13. Amehangaika na mawe ya mizani ya wauza nafaka kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

mama_wawili

Mimi nitaongea tofauti na msinichukie.

Haya mambo ya kutoka kwa imani wengine tumeyaonja upande wa pili. Mume wangu alikuwa na kazi nzuri tu ya udereva. Kuna mtumishi mmoja, jina silitaji, akamwambia Mungu amemfunulia kwamba huyu ni mtumishi wa mataifa, hiyo kazi ni kongwa, aiache kwa imani. Akaacha. Akaambiwa tena apande mbegu, tukauza kiwanja Igawilo tulichokuwa tumeshapanga matofali. Mtumishi alihamia mji mwingine. Mimi nikaanza kuamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua, maana ada za watoto hazikuambiwa chochote kwenye huo unabii. Imani ilikuwa yake, marejesho yakawa yangu.

Kwa hiyo kaka yangu viazi, ninapoona mwanaume anaandika "sijui mbele kuna nini ila natii" huwa nauliza kwanza, nyumbani nani atabeba?

dada_mwanjelwa

@mama_wawili pole mno dada angu, umeongea kwa niaba ya wengi. Makanisani hizi shuhuda za wake hazipewi maiki.

Mhehe wa Kitonga

Hapo kwa mama_wawili nimesimama kidogo. Hili jambo kule kwetu Ilula limevunja nyumba za watu nawajua.

viazi_uporoto

Mama wawili shikamoo, na pole sana, nimesoma maneno yako nikamsomea na mke wangu. Sitaki kukujibu kama mtu anayetaka kushinda.

Naona tofauti kubwa mbili, nisahihishe nikikosea. Mumeo aliambiwa na mtu jambo ambalo hakuna mahali limeandikwa, na aliyemwambia alikuwa na faida nalo. Mimi huu mstari ungenihusu hata kama mchungaji wangu angekuwa amelala, na hakuna anayepokea bahasha nikiutii, sanasana ni mkulima wa Isyonje. Nadhani hiki ni kipimo kizuri, agizo likimnufaisha anayelitoa mtu unatakiwa ulale nalo kwanza.

La pili ni hilo la nani anabeba. Yonathani alipotaka kuwavukia Wafilisti, 1 Samweli 14, hakuwa na uhakika hata kidogo, alisema labda Bwana atatutendea kazi. Labda! Lakini hakuvuka kimyakimya, alimwambia kwanza yule kijana aliyembebea silaha, maana kama ni kufa wanakufa wote, na kijana akakubali kwa mdomo wake mwenyewe, mstari wa 7. Hiyo sehemu ya kijana kukubali huwa haihubiriwi kabisa. Mke wangu aliniuliza maswali magumu kuliko ya dalali, ada ya muhula, marejesho ya VICOBA, na mzigo ukilala Mabibo mpaka uanze kuota nani analipa. Tukapunguza mtaji wa viazi, sehemu ikaenda kwenye genge lake ambalo linaingiza kila siku. Yesu mwenyewe alisema mtu akitaka kujenga mnara akae chini kwanza apige gharama, Luka 14:28, hakusema apige baada ya kuishiwa matofali.

kijana_uyole

Mkuu kwa hiyo nusu ya gari lumbesa nusu kilo mia? 😂

viazi_uporoto

Hapana dogo. Nilichopunguza ni wingi wa magunia, mizani iko palepale. Ningeweza kubeba mengi nimebeba machache, na yote yamepimwa.

Mzee wa Kalenda

Wanangu salamu, Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Mimi ni mzee wa Kanisa la Moravian, jimbo letu hili la Kusini Magharibi, nimestaafu ualimu. Nimefuata mazungumzo yenu tangu jana, mjukuu ndiye anayeniandikia, nina jambo la kuongeza maana naona vijana mnadhani watu wa zamani walitoka wakiwa na uhakika.

Mnajua kanisa letu lilianza kutuma watu mwaka 1732. Ni kijiji kidogo cha wakimbizi wa dini, Herrnhut, Ujerumani. Walikuwa wamesikia habari za watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kutoka kwa mtu mmoja aliyeitwa Anton aliyekuwa mtumwa wa bwana mmoja wa Denmark. Waliotoka wa kwanza ni wawili, Leonard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala. Kuna hadithi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba walijiuza wawe watumwa ili wapate kuhubiri. Haikutokea hivyo. Dober alisema yuko tayari hata kwa hilo ikibidi, basi, wenye kupenda chumvi wakamalizia. Ukweli wenyewe ni wa kawaida zaidi na mimi naupenda zaidi. Nitschmann alishika randa na msumeno akafanya kazi ya mbao ili wale, baada ya miezi kama minne akarudi Ulaya kama walivyopatana tangu mwanzo. Dober akabaki peke yake, na ufinyanzi wake ukagoma maana udongo wa kule haukufaa. Aliitwa kurudi nyumbani mwaka 1734 akiwa hajaona ubatizo hata mmoja. Ubatizo wa kwanza wa St. Thomas ulikuja 1736 mikononi mwa mwingine, August Spangenberg.

Na hapa kwetu. Mwaka 1891 Wamoravian walipanda kutoka Ziwa Nyasa mpaka Rungwe wakiongozwa na Theodor Meyer, na mwaka huohuo Waberlin (wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin) nao wakaingia upande wa Konde wakiongozwa na Merensky. Walikuwa wageni wa lugha, wa hali ya hewa, wa kila kitu, na homa ilichukua watu wao mapema. Anayepita leo Rungwe akaona lile kanisa na miti yake asidhani waliambiwa kwenye ndoto kwamba kutakuwa hivi.

Lakini nataka kusema na jambo ambalo halitupi sifa. Wazee wetu wa Herrnhut walikuwa wanatafuta uhakika kwa kura. Wanaandika vikaratasi, wanaomba, wanachomoa. Hata Dober alipoomba kwenda alichomoa kikaratasi kinachosema mwache kijana aende, kwa kuwa Bwana yuko pamoja naye. Walifika mahali ndoa zinaamuliwa kwa kura. Vijana wakachoka, 1818 sinodi ikaondoa lazima ya kura kwenye ndoa za waumini wengi, na 1889 ikaachwa kabisa. Maana yake miaka miwili tu baadaye, waliokuja kwetu walikuja bila kikaratasi. Walikaa kikao, wakaomba, wakaamua, wakapanda meli.

Siwacheki waliopiga kura. Hata mitume walipiga kwa ajili ya Mathiya. Ila baada ya Pentekoste sijaona tena kwenye Matendo wakipiga. Mtu akitaka kujua kila kitu kabla ya kunyanyua mguu, anachokitafuta ni kuachana na Mungu, maana akishajua yote atamhitaji wa nini?

dada_mwanjelwa

Mzee shikamoo. Nimejifunza kitu leo, hiyo ya kujiuza utumwani mimi nishaisambaza mara nyingi jamani.

Tajiri wa Sido

Mzee heshima yako. Ila Dober hakuwa na mkopo wa VICOBA.

Mzee wa Kalenda

Marahaba dada. Tajiri, hakuwa nao kweli, umenipata hapo.

kijana_uyole

Mi swali langu liko pembeni kidogo. Nimemaliza chuo mwaka jana, nimepata nafasi ya kujitolea shule ya kanisa huko ndani Makete, posho ndogo sana, na kuna kazi ya mauzo Dar hela iko vizuri. Naomba ishara miezi sasa, hakuna kitu. Wapi nnatii?

Mhehe wa Kitonga

Dogo ishara ya kwanza ni kwamba Makete kuna baridi nunua sweta 😂😂

viazi_uporoto

Dogo nitasema ninavyoona mimi, mzee atanirekebisha. Hapo sioni amri yoyote unayoivunja ukienda huku au kule. Ukienda Dar ukauza bila kudanganya wateja umetii, ukienda Makete ukafundisha bila kutoroka vipindi umetii. Kwa hiyo usijitese kana kwamba kuna mlango mmoja wa Mungu na mwingine wa shetani. Chagua, nenda. Ona Paulo Matendo 16, alijaribu kuhubiri Asia Roho akamkataza, akajaribu Bithinia akakataliwa tena, ndo akafika Troa usiku akaona yule mtu wa Makedonia. Yaani alizuiwa akiwa anatembea. Angekaa nyumbani anasubiri ramani hata kuzuiwa asingezuiwa.

mama_wawili

Hiyo nakubaliana nayo. Mwanangu nenda na nauli ya kurudia mfukoni, Mungu hakasiriki ukiwa na nauli ya kurudia.

mkulima_isyonje

Nimeona huu uzi mtu kanitumia. Mimi ni mkulima nalima viazi aina ya Arka na Sagitta huku huku Isyonje na huyu bwana viazi nadhani namjua kwa sura, sina hakika.

Nataka niseme ukweli mchungu kwa wakulima wenzangu. Lumbesa imetufundisha na sisi ufisadi. Unajua kilemba kitachukua kilo zako za bure, basi katikati ya gunia unaweka vidogo, unaweka vilivyochubuliwa na jembe, wengine wanaweka na vyenye udongo wa maji ili vionekane vingi, vikubwa vinakaa juu na pembeni. Mnunuzi anamuibia mkulima mkulima anamuibia mnunuzi na Jumapili wote tuko ibadani tunapeana amani. Kwa hiyo mkuu usije na mizani ukadhani umekutana na malaika.

La pili mizani yenyewe. Kuna wanunuzi wa parachichi walikuja hapa na mizani ya kilo, kila mtu akashangilia, kumbe imechezewa, unapima kreti nyumbani na ukipima kwake inapungua. Tukarudi kusema bora gunia unaliona kwa macho. Ukija hakikisha ina stika ya Vipimo ya mwaka huu na uturuhusu tupime mfuko wa sukari wa kilo moja au hata mbolea ya kilo 50 tuone mshale unasema nini.

Mwanasheria uchwara

Hii ya kupima mfuko wa mbolea ni akili kubwa. Kiwandani umeshafungwa kwa uzito unaojulikana.

viazi_uporoto

Mkulima ahsante sana, ndaga fijo. Stika ipo, na leteni hiyo mbolea tupime wala sina neno. Hilo la viazi vya katikati ya gunia nilikuwa nalijua ila sikutaka niliseme mimi mnunuzi, ingeonekana natafuta kisingizio.

Ila hapo ndo mnaona kwa nini nasema hili halimaliziki kwa kusubiri mwenzako aanze. Mkulima anasubiri mnunuzi aache, mnunuzi anasubiri soko liache, soko linasubiri serikali. Petro alimwambia Yesu tumefanya kazi usiku kucha hatukupata kitu, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Yeye ndo alikuwa mvuvi, yeye ndo alijua ziwa, na mchana sio saa ya kuvua, kila utaalamu aliokuwa nao ulikuwa upande wa kukataa. Dalali wangu naye ni mtaalamu, sijasema anakosea hesabu.

Tajiri wa Sido

Haya mkuu mzigo ulipofika Mabibo ilikuwaje? Maana mahubiri tumesikia, tupe namba.

viazi_uporoto

Nilijua utauliza. Mzigo ulifika, wateja wa kawaida walipita wakayaangalia magunia wakanipita, wa lumbesa kulia na kushoto kwangu wakauza kabla ya saa nne. Mimi nililala na mzigo. Kesho yake akaja jamaa anayesambazia vibanda vya chipsi, yeye anataka kilo kwa sababu vibanda vinamlipa kwa kilo, na alichopenda hasa ni kwamba alimwaga gunia moja chini akakuta katikati kuko sawa na juu. Akachukua sehemu. Mengine niliyashusha bei. Ukitoa nauli, upakiaji, ushuru na dalali, nimerudi na mtaji na kitu kidogo sana juu yake ambacho siwezi kukiita faida mbele ya mke wangu. Jamaa wa chipsi amechukua namba, sijui kama atapiga.

Kwa hiyo Tajiri kwa mzigo huu ulikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Na bado nitarudi na mizani, maana mstari haujabadilika.

Tajiri wa Sido

Angalau hujatuletea ushuhuda wa V8. Nakuheshimu kwa hilo.

mama_wawili

Mke wako amesemaje?

viazi_uporoto

Amesema tuendelee ila genge lisiguswe. Na amesema nikusalimie.

Mzee wa Kalenda

Mwanangu umetembea vizuri. Nilikuwa nafikiri, kama wanunuzi watatu au wanne wanaosali mkakubaliana kujaza Fuso moja lote la kilo mia, si mnaweza kuongea na mwenye gari awatoze kwa tani badala ya kwa gunia? Hesabu yako ya nauli ya mwanzo ingekufa hapohapo.

viazi_uporoto

Mzee hilo nimelala nalo jana. Kwa tani nauli inakuwa sawa na ya lumbesa kabisa, inabaki upakiaji na ushuru. Shida ni kuwapata hao watatu. Mmoja nimeongea naye tunasali wote, amesema ataomba kwanza.

Mhehe wa Kitonga

"Ataomba kwanza" 😂😂😂 huyo hamna kitu.

mkulima_isyonje

Unapanda lini huku?

viazi_uporoto

Alhamisi Mungu akipenda, mvua isipokata ile njia ya juu. Uwe umeshachambua, vidogo weka pembeni vina bei yake.

mkulima_isyonje

Sawa. Mbolea ya kupimia nitabeba mimi. Ila uje na hela mkononi, mambo ya nitakutumia jioni sitaki.